Minyaa ya Shangazi Somoe

Jeneza kuingia liliingia, maana lilikuwa tupu. Vijana walilipindua ubavu, mmoja akavuta mbele, mwingine akasukuma nyuma, likakwaruza ukuta mpaka likafika mlangoni. Kutoka ndiyo ikawa ishu. Maiti hapinduliwi ubavu. Mie nilikuwa chumbani na wanawake wenzangu, tumeshamaliza kumwosha Shangazi Somoe na kumkafini, nikawasikia wanaume kule kichochoroni wanalijaribu jeneza tupu likiwa limenyooka, wanabishana kwa zile sauti za chini ambazo watu huzitumia mbele ya maiti wakati kwa kweli wanataka kupiga kelele. "Inua kulia." "Kulia kuna ukuta, ami." "Basi rudi." "Nirudi wapi sasa?" Halafu mmoja, sikumjua ni nani, akasema, "Hivi ukuta huu nani aliujenga namna hii, jamani? Hakuwa na utu?" Wanawake wakaguna. Mie nikainama nikajifanya naongeza ubani kwenye chetezo, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Ukuta aliujenga jirani yetu, Baba Mwanaidi, Mungu amrehemu. Lakini mahali pa kuujenga nilimwonyesha mie, kwa mikono yangu hii miwili, nikiwa na miaka kumi na tisa.

Mwaka ule nilikuja kwa shangazi kurudia mtihani wa kidato cha nne. Kiingereza ndicho kilichoniangusha, na siyo kuangusha kwa kujikwaa, kilinibwaga chali. Nyumba ya shangazi iko huku Temeke, upande wa Yombo, nyuma ya nyumba za watu, haina baraza la barabarani. Njia yake ni moja tu, kichochoro kinachopita kati ya ukuta wetu na kwa Baba Mwanaidi mpaka barabarani. Siku hizo mpaka ulikuwa uzio wa minyaa. Wazee wa mtaa ule hawakuwa na ramani wala hati ya maana. Walipanda minyaa, wakapeana mkono mbele ya mjumbe, imekwisha. Kichochoro kilikuwa kipana, mkokoteni wa maji uliingia na madumu yake mpaka mlangoni. Na chumba cha shangazi kilikuwa na dirisha lililotazama minyaa hiyo. Dirisha hilo ndilo lililotulisha. Shangazi alishona kofia, zile nyeupe za mkono, tundu moja moja kwa sindano, na kofia haishonwi gizani. Kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri alikaa chini ya dirisha, miguu kainyoosha mkekani, anashona huku anaongea na Mama Mwanaidi aliye upande wa pili wa minyaa, bila kuonana. "Somoe, leo unapika nini?" "Muhogo, shoga. Muhogo wa nazi." "Si jana ulikuwa muhogo?" "Na kesho muhogo, inshallah." Wanacheka wenyewe. Nilikuwaga nakereka na vicheko vile, nikidhani nimekuja mjini kufungiwa na wanawake wawili wanaoulizana habari za muhogo. Sikujua kufungiwa ni nini.

Chumba cha mbele alipanga Mwalimu Chilumba, mzee wa Masasi, Mkristo, mjane, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya kufua. Zamani alikuwa karani wa mahakama. Alikuwa na kipande cha hadibodi alichokipaka rangi nyeusi, akakitundika juu ya kitanda chake, na kila alasiri nilikaa kwenye kigoda pale mlangoni, mlango wazi kwa heshima, ananifundisha. Bure, ila nimpelekee chai. Mwalimu hakuamini katika kukariri kamusi. Alifundisha vitenzi kwa koo. Kulikuwa na ukoo wa kula, ukoo wa kutembea, ukoo wa kusema uongo, na ukoo alioupenda kuliko wote, wa kuingilia na kugonga cha mwenzako. Miaka thelathini ya kuandika kesi za watu ilimpa upendo huo. Aliweka kikombe na sahani mezani, akaonyesha. Trespass ni mguu: umekanyaga kwa mtu, basi, hata kama umetoka. Infringe ni ya haki, huioni kwa macho. Collide, akagonganisha kikombe na sahani, chai ikamwagika, nikacheka. Impinge ni jambo lako kumgonga mwenzako hata kama hujamsogelea. "Na huyu," akasema, akaisukuma sahani kwa kidole, polepole, polepole, mpaka ikafika katikati ya daftari langu, "huyu ni encroach. Hana kelele. Leo kidole, kesho kiganja. Ukija kushtuka, binti, kalala kitandani kwako." Nilivipenda vile vitenzi. Nilivitafuna na muhogo wangu, nikavisema chooni, nikavisema nikichota maji.

Masika yakaanza, shangazi akaitwa Kilwa, dada yake mkubwa amefariki. Alikaa huko wiki tano. Wiki ya kwanza haijaisha, Baba Mwanaidi akaja. Alikuwa mtu mzito, mpole wa kuongea, kanzu kila siku. Nilikuwa nafagia kichochoro. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu Dija. Peke yako huogopi?" "Siogopi, yupo Mwalimu." Akatazama minyaa kana kwamba ndiyo anaiona leo. Akasema anajenga ukuta, wezi wamezidi, na ukuta wake utapita ndani kwake, lakini mafundi watahitaji nafasi huku kwetu ya kupigia plasta. Minyaa inawazuia. "Isogeze ndani kidogo, mama. Hatua mbili tu. Wakimaliza plasta nairudisha mwenyewe." Nikamwambia shangazi hayupo. Akacheka, kicheko kizuri kabisa. "Somoe ni dada yangu. Kwani mie mgeni hapa?" Mwanaidi, binti yake, tuliyelingana umri, alikuwa upande wa pili anasuuza vyombo, nilisikia sufuria zikigongana, halafu zikanyamaza. Sasa ningesema nini? Niambieni. Mtoto wa pwani, ushamwamkia mtu shikamoo, kakuitikia marahaba, kakuita mama, halafu umwambie hapana? Mdomo wenyewe ungekataa kufunguka. Mafunzo yote niliyopewa tangu nitambae yalinifundisha namna mia za kusema ndiyo kwa mtu mzima. Nikasema, "Haya, baba."

Alasiri ileile Mwalimu alikwenda kwa mwanawe kukaa siku tatu, nami nikachukua panga na jembe. Minyaa haina haja ya ufundi. Unakata kijiti, unakichomeka ardhini, mvua inafanya yaliyobaki. Nikaikata yote, nikang'oa visiki, nikachomeka vijiti hatua mbili kuja kwetu, kwa mstari ulionyooka. Nilijivunia ule mstari, mjinga mie. Utomvu wake ukaniruka machoni na mikononi, nikalala siku mbili na kitambaa cha maji usoni, macho yamevimba sioni hata kikombe. Ndivyo nilivyokuwa, chali kwenye mkeka wa shangazi, dirisha wazi, nilipowasikia. Fundi alisema, "Mzee, kamba si tulikubaliana ipite ndani ya minyaa?" Na Baba Mwanaidi, kwa sauti yake ileile ya upole, akasema, "Ndiyo, ndani ya minyaa. Minyaa si ile pale?" Nikasikia kamba inavutwa. Nikasikia sururu inaingia ardhini. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na miguu, nilikuwa na hatua kumi tu mpaka nje. Nikavuta kitambaa nikajifunika uso. Mpaka leo nikikumbuka kile kitambaa nataka kukirarua.

Shangazi aliporudi ukuta umeshapita urefu wa dirisha. Hakuingia ndani hata kuweka mzigo. Alisimama kichochoroni, ubavu mmoja unagusa nyumba, wa pili unagusa ile minyaa yangu iliyoshaanza kuchipua, kapu la embe za Kilwa kichwani, akasema, "Dija, nini hiki?" Macho yangu yalikuwa bado mekundu, mikono imebabuka. Na uongo ukaja wenyewe, wallahi sikuuita. Nikasema mafundi walivamia, wakaing'oa, nikawazuia, wakanisukuma, utomvu ukaniingia. Shangazi akatua kapu. Akanishika mikono, akaigeuza, akaitazama, akaanza kulia. "Umepigana peke yako, mwanangu? Kwa ajili yangu?" Nilitaka ardhi ipasuke. Usiku ule alinipikia wali na samaki wa kupaka, chakula cha sikukuu, akaniwekea kipande kikubwa. Nilikila chote, kwa sababu kukiacha kungekuwa kukiri.

Kuanzia hapo nyumba ikawa giza. Siyo giza la kusema, giza la kweli; saa nne asubuhi unawasha kibatari utafute sindano. Ukitoa mkono dirishani unagusa tofali. Joto halikuwa na pa kutokea, harufu ya mafuta ya taa ikaingia hadi kwenye kofia, na wateja wakazirudisha. Muuza maji alisimama barabarani, sie tunabeba ndoo tukipita kiubavuubavu. Vicheko vya muhogo vikaisha. Mama Mwanaidi alikuwa palepale nyuma ya ukuta, tunamsikia akikohoa, lakini nani aanze? Shangazi alimfuata Baba Mwanaidi mara tatu, mara tatu akarudi na neno moja: "Anasema muulize Dija." Na kila mara shangazi alitema mate pembeni, "Kanikosea, halafu anamsingizia mtoto." Mie nimekaa pale nachambua mchele. Ndiyo akaamua kushtaki.

Barua ya malalamiko aliiandika Mwalimu kwa Kiingereza. Kiswahili kingetosha, alisema, lakini karatasi ya Kiingereza husomwa kwa miwani. Akaniita kwenye kigoda changu, akasema, "Binti, tuone kama ulikuwa unasikiliza." Ukoo wote ukatoka ubaoni ukaingia kwenye karatasi: mlalamikiwa ali-trespass, aka-uproot minyaa, aka-encroach, akai-infringe haki ya mlalamikaji ya njia na mwanga. Mie ndiye niliyenakili nakala safi, mwandiko wangu mzuri, wino wa bluu. Na hili nimelifikiria maisha yangu yote: mkono haukutetemeka. Kwa Kiswahili nisingeweza. Ningeandika "Baba Mwanaidi aliing'oa minyaa," ningemwona mwenyewe na kanzu yake, ningeliona panga mkononi mwangu, kalamu ingeanguka. Kwa Kiingereza maneno yalikuwa mapya, hayajawahi kunigusa mahali, hayanijui, siyajui. Nilikuwa nasema uongo kwa nguo za kuazima. Nikafika mwisho nikapiga mstari chini kwa rula. Mwalimu akasoma, akavua miwani, akasema hakuna kosa hata moja. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kweli nilifurahi.

Wajumbe wa baraza la ardhi walikuja kuona eneo asubuhi ya Jumamosi, watu wanne na karani wao, wamejipanga kichochoroni mmoja nyuma ya mwingine maana kukaa ubavu kwa ubavu hakuwezekani. Mtaa mzima ulikuwa barabarani. Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, aliishika ile minyaa, ilikuwa imeshafika kifuani. "Hii inaonekana ya siku nyingi," akasema. Baba Mwanaidi hakupandisha sauti. "Mie sitaki maneno mengi, mheshimiwa. Muulizeni huyu binti. Mwapisheni, halafu mumuulize." Shangazi akanisukuma mbele kwa fahari, akaniweka sawa mtandio. "Muulizeni. Huyu ndiye aliyepigana nao." Wakaniapisha kwa Msahafu. Halafu yule mama akaniuliza, kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, kama mtu anayekuuliza umekula nini: "Binti, minyaa hii nani aliyeipanda hapa?"

Nilitafuta yale maneno ya bluu. Hayakuwepo hata moja. Kulikuwa na swali la Kiswahili na mimi. Nikasema, "Mie." Barabarani watu wakasema "Ahaa!" Mwenyekiti akauliza, "Nani alikulazimisha?" "Hakuna." Nikasikia shangazi anavuta pumzi nyuma yangu. Nikapaza sauti, "Lakini Baba Mwanaidi aliniomba, alisema ni kwa ajili ya plasta, alisema atairudisha mwenyewe!" Baba Mwanaidi akatikisa kichwa taratibu. "Sikumbuki maneno hayo, mwanangu. Kulikuwa na shahidi?" Nikatazama ukuta. Nyuma ya ukuta kulikuwa kimya. Na mtu aliyeanza na uongo, nani atamsikiliza kwenye ukweli wake? Karani alishafunika kalamu. Uamuzi ulipokuja, Mwalimu aliusoma amesimama pale mlangoni pake, na ile encroach yetu ilikuwemo humo, ila imekataliwa; tumeshindwa. Alikunja karatasi, akaingia ndani, akafuta ubao kwa kiganja. Hakunisema. Mwezi ule ukiisha akahamia Tabata kwa mwanawe, akaniachia kikombe na sahani.

Shangazi ndiye niliyemwogopa. Nilisubiri anipige, anifukuze, anirudishie nauli. Alikaa mkekani pale chini ya dirisha, sindano mkononi, haoni kitu, akasema bila kunitazama, "Umenifungia dirisha, Dija." Basi. Hakurudia. Kesho yake asubuhi alichukua kigoda na kapu la kofia, akapita kiubavu mpaka barabarani, akakaa kwenye vumbi na moshi wa magari, akashona huko. Nami nikabaki ndani kujisomea mtihani kwa kibatari, nasikia sauti yake kwa mbali ikiitikia salamu za wapita njia. Kufungwa ndiko kule: hakuna aliyenifungia mlango, na nisingeweza kutoka bila kumpita pale alipokaa. Mtihani nikafaulu. Kiingereza nikapata alama nzuri kuliko yeyote wa kituo chetu. Shangazi alinipikia muhogo wa nazi, akanipa mkono, akasema hongera.

Leo mie ni mwalimu wa Kiingereza, huko Tegeta. Nimefundisha vitenzi kwa koo miaka yote hii, na nikifika kwenye ule ukoo mmoja mafua hunishika, namwachia mwenzangu kipindi. Shangazi nilimtembelea kila mwezi. Nilimpelekea taa ya umeme, feni, miwani. Alishukuru kila kitu, na kila asubuhi alitoka na kigoda chake barabarani. Kuomba msamaha nilimwomba, mara nyingi. "Nishasamehe zamani," alisema, na naamini ni kweli. Lakini kunituma hakunituma tena, hata chumvi dukani.

Sasa siku ile ya mazishi, wanaume wameshindwa, imamu anatazama saa, nikasikia kwa upande wa pili wa ukuta sauti ya mtu ambaye hatujasemeshana tangu ujana. "Dija! We Dija! Ondoka hapo dirishani." Mwanaidi. Wazazi wake walishatangulia, nyumba ni yake na wanawe. Nikauliza, "Kwa nini?" "Ondoka, nimekwambia!" Nikarudi nyuma. Nyundo ikapiga. Tofali la kwanza likaangukia dirishani, la pili, halafu ukuta ukatoa tumbo, ukalala. Vumbi likajaa chumbani, wanawake wanakohoa, wanasema "Subhanallah," na lilipotulia mwanga ulikuwa umeanguka mpaka kwenye uso uliofunikwa wa shangazi. Hapo ndipo nilipolia. Vijana wakampitisha juu ya kifusi, uani kwa Mwanaidi, jeneza limenyooka, katikati ya ndoo na kamba za nguo, "La ilaha illallah," wakatokea barabarani.

Siku ya tatu, baada ya hitima, watu wamepungua, Mwanaidi akavuka kifusi akaja kukaa nami. Amenenepa, goti linamsumbua. Akasema, "Ukuta tutaujenga tena, wanangu hawawezi kukaa wazi. Nionyeshe minyaa ilipokuwa." Nikaokota ufito. Nikasimama pale ulipokuwa mstari wangu wa kijinga, nikahesabu hatua mbili kwenda kwake, nikasimama katikati ya karo lake la kuoshea vyombo. "Hapa." Halafu nikasema lile nililolibeba tangu Jumamosi ile. "Mie ndiye niliyeing'oa, Mwanaidi. Lakini baba yako alisema atairudisha."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa hapahapa nasuuza vyombo. Nilisikia yote. Na siku ya baraza nilikuwa nyuma ya ukuta."

Hasira ilinipanda mpaka meno yakaniuma. "Si ungesema, Mwanaidi! Neno moja tu!"

"Alikuwa baba yangu, Dija. Ningesema, halafu ningeingia mlango gani?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu langu mwenyewe. Akauchukua ufito mkononi mwangu, akauchomeka pale nilipokanyaga, akaushindilia kwa kisigino cha mguu mzima. Tukasimama tunaliangalia dirisha la shangazi, liko wazi, na kigoda chake bado kiko kule barabarani, hakuna aliyekumbuka kukiingiza.

"Miaka yote hii," nikasema, "ameshonea vumbini."

"Nilikuwa namwona," akasema Mwanaidi. "Kila siku nikitoka, nilikuwa namwamkia."